Kuchagua deodoranti baada ya matibabu ya saratani ya matiti

Miongoni mwa maswali ambayo wanawake waliotibiwa saratani ya matiti huyauliza kwa sauti ya chini, lipo hili: je, inaruhusiwa kupaka roloni kwapani tena? Likilinganishwa na upasuaji, kemo na mionzi, swali hili linaonekana dogo. Hapa Mandera si dogo. Msimu wa jilaal joto la mchana hupita nyuzi 35, nguo ni ndefu, hijabu hufunika mabega na kifua, na watu hukaa bega kwa bega harusini, msibani na ndani ya basi. Mama anayeogopa kunuka jasho huanza kukataa mialiko mmoja baada ya mwingine, na anaweza hata kuona haya kuinua mkono mbele ya daktari anayetaka kumkagua.

Jibu fupi ni ndiyo. Wengi waliotibiwa wanaweza kutumia deodoranti, hata ile ya kuzuia jasho, mradi ngozi ya kwapa iwe imefunga na kupona. Kinachotakiwa kuogopwa baada ya matibabu haya ni ngozi iliyopasuka, kwa sababu kupitia hapo vijidudu huingia kwenye mkono ambao umepoteza sehemu ya kinga yake. Saratani ya matiti huwapata wanaume pia, ingawa ni wachache, na yaliyoandikwa hapa yanawahusu nao.

Chupa mbili zisizofanana

Jasho lenyewe, linapotoka tu mwilini, karibu halina harufu. Harufu huletwa na bakteria wanaoishi juu ya ngozi ya kwapa. Wao hula mafuta na vitu vingine vilivyomo ndani ya jasho, na mabaki ya mlo wao ndiyo yanayonuka. Deodoranti ya kawaida hushughulika na bakteria hao: huwapunguza, au hufunika harufu yao kwa manukato. Haizuii jasho kutoka.

Ya pili ni kizuia jasho, ambayo kwenye chupa huandikwa neno "antiperspirant". Hii huwa na chumvi za alumini, mara nyingi aina iitwayo "aluminium chlorohydrate". Chumvi hizo hukutana na jasho kwenye mdomo wa kitundu cha jasho na kufanya kizibo chembamba cha muda, ambacho huondoka kadiri ngozi ya juu inavyobadilika na kuoshwa. Chupa nyingi madukani ni mchanganyiko wa zote mbili, ndiyo maana maandishi ya nyuma yana maana kuliko picha ya mbele.

Je, roloni ndiyo iliyoleta saratani?

Swali hili huumiza wagonjwa wengi, kwa kuwa mtu anayejilaumu hubeba mizigo miwili. Uvumi husema kwamba mwili hutoa sumu kwa jasho la kwapani, na roloni ikiziba hapo sumu hurudi titini. Mwili haufanyi kazi hivyo. Sumu na taka huondolewa na ini na figo. Tezi za limfu zilizo kwapani, vile vifundo vidogo vinavyochuja majimaji ya mwili, hazimwagi kitu kwenye vitundu vya jasho. Njia za jasho na njia za limfu ni mbili tofauti kabisa.

Watafiti wameliangalia jambo hili. Mwaka 2002 watafiti wa Seattle, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwalinganisha wanawake 813 waliokuwa na saratani ya matiti na 793 wasiokuwa nayo. Hawakuona uhusiano wowote kati ya ugonjwa na matumizi ya deodoranti au kizuia jasho, hata kwa waliopaka mara tu baada ya kunyoa. Miaka 2 baadaye utafiti wa Uingereza ulizua hofu mpya ulipokuta parabeni, kemikali za kuhifadhi vipodozi visiharibike, ndani ya vipande 20 vya uvimbe wa matiti. Lakini utafiti huo haukupima titi lisilo na ugonjwa ili kulinganisha, wala haukuonyesha kwamba parabeni hizo zilitoka kwenye deodoranti, kwani zimo pia katika losheni, sabuni na baadhi ya vyakula. Kukuta kitu ndani ya uvimbe si sawa na kuthibitisha kwamba ndicho kilichousababisha. Mama ambaye bado hana amani na alumini au parabeni ana haki ya kununua chupa isiyo nazo, ila afanye hivyo kwa hiari yake, bila kuamini kwamba aliyoitumia miaka iliyopita ndiyo iliyomuuguza.

Yuko mmoja ambaye alumini inamhusu kweli: mwenye ugonjwa wa figo. Figo ndizo zinazotoa alumini mwilini, na zikiwa dhaifu haifai atumie kizuia jasho kabla ya kumuuliza daktari.

Kwapa lililotibiwa si kama lile la zamani

Mara nyingi upasuaji wa saratani ya matiti hugusa kwapa pia, kwa sababu daktari huondoa tezi za limfu, chache au nyingi, ili kuona kama ugonjwa umefika huko. Mambo mawili hubaki nyuma.

La kwanza ni ganzi. Mshipa wa fahamu unaopita kwapani na upande wa ndani wa mkono wa juu huweza kukatwa au kuvutwa wakati wa upasuaji, na sehemu hiyo ikabaki bila hisia kwa miezi, na kwa wengine daima. Zamani chupa mbaya ilijitangaza yenyewe kwa kuwasha na kuchoma, na mtu akaiacha siku ile ile. Kwapa lenye ganzi halisemi kitu. Ngozi inaweza kubabuka, kutoa malengelenge au kukatwa na wembe, na mwenyewe asijue mpaka aone doa kwenye nguo. Kwa hiyo macho yafanye kazi ambayo ngozi imeshindwa: kila jioni mama aangalie kwapa kwa kioo kidogo penye mwanga, au amwombe binti yake au dada yake amtazamie.

La pili ni limfu. Tezi zikiondolewa, au zikichomwa na mionzi, majimaji ya mkono hupita kwa shida. Mkono unaweza kuvimba, hali ambayo hospitalini huitwa limfidema, na vijidudu vikiingia kupitia mkwaruzo mdogo tu huenea haraka kuliko kwenye mkono wa pili. Roloni haizibi njia za limfu. Ila inayowasha, au iliyopakwa juu ya kidonda, huharibu ule ukuta wa ngozi unaozuia vijidudu.

Hivyo baada ya upasuaji mama asubiri. Mshono uwe umefunga wote, mirija ya kutolea majimaji iwe imeondolewa na matundu yake yamekauka, na muuguzi au daktari awe ametazama na kuruhusu. Katika kipindi hicho kwapa lingine, lile lisiloguswa, linaweza kupakwa kama kawaida. Wengi hawalifikirii hilo, wakaacha yote mawili bila sababu.

Wakati wa mionzi, na njia ya kurudi nyumbani

Kwa miaka mingi wagonjwa wa mionzi waliambiwa wasipake kitu chochote kwapani, kwa hofu kwamba alumini iliyomo ingeongeza kuungua kwa ngozi. Tafiti za baadaye hazikuiunga mkono hofu hiyo. Kule Calgary, Kanada, wagonjwa 198 waligawanywa makundi mawili, moja likatumia kizuia jasho chenye alumini na jingine halikutumia. Australia, watu 333 waligawanywa makundi matatu: wenye deodoranti ya alumini, wenye isiyo na alumini, na wa sabuni na maji tu. Katika nchi zote mbili, kuungua kwa ngozi hakukuzidi kwa sababu ya kupaka.

Hata hivyo vituo vya matibabu havitoi maagizo yanayofanana, na mgonjwa afuate ya kituo kinachomtibu, kiwe Garissa au Nairobi. Aulize wazi, siku ya kwanza: "Daktari, naruhusiwa kupaka roloni kwapani, na ni lini niache?" Nusu ya pili ya swali ndiyo yenye uzito. Ngozi ya mionzi haiungui siku moja. Hubadilika polepole, ikawa nyeusi zaidi, kavu, yenye kuwasha, na kwa wengine hubabuka na kutoa maji, hasa kwenye mikunjo kama kwapa. Inapofika kubabuka, kila aina ya deodoranti isimame mpaka ngozi mpya ifunge.

Kuna jambo ambalo msafiri wa Mandera anatakiwa kulijua kuliko mgonjwa anayeishi karibu na hospitali. Mara nyingi ngozi huwa mbaya zaidi wiki moja hadi mbili baada ya mionzi ya mwisho. Mama huagwa hospitalini akiwa na ngozi iliyokauka tu, anapanda basi, na hali inakomaa akiwa njiani au akishafika Takaba, Elwak au Rhamu, mamia ya kilomita kutoka kwa waliomtibu. Kabla ya kuondoka aombe krimu au vifaa vya kidonda vya kutosha, na maelezo yaliyoandikwa ambayo zahanati ya kwao itayasoma. Safarini avae pamba isiyobana, aweke kitambaa laini na kikavu kati ya mkono na ubavu, na roloni abaki nayo mkobani.

Dukani

Chupa inayofaa kwapa lililotibiwa si lazima iwe ghali. Isiwe na manukato, kwa kuwa manukato ndiyo husababisha mzio mara nyingi zaidi katika bidhaa hizi. Maneno ya kutafuta ni "fragrance free". Yale ya "unscented" hayatoshi, kwani wakati mwingine humaanisha kwamba kemikali nyingine imetiwa ili kuficha harufu. Isiwe na spiriti nyingi, ambayo hukausha ngozi iliyokwisha kukauka. Na isiwe ile inayoahidi kuyafanya makwapa meupe. Weusi uliobaki baada ya mionzi hufifia wenyewe kwa miezi, na krimu za kung'arisha ngozi zimewahi kukutwa na zebaki na dawa kali zisizotajwa kwenye chupa.

Muuzaji mwenye nia njema atasema, "Eeddo, hii ya waridi ndiyo inauzwa sana." Jibu ni rahisi: "Asante mwanangu, nipe isiyonukia kitu."

Roloni au ya kijiti ni bora kuliko ya kupuliza, ambayo husambaa mpaka kwenye kovu na kifua. Lakini roloni haikopeshwi. Mpira wake hubeba vijidudu kutoka kwapa hadi kwapa, na katika nyumba yenye akina dada watano chupa moja huzunguka bila kuuliza. Mama aliyetibiwa awe na yake, aifiche ikibidi.

Bidhaa hufika Mandera kwa njia nyingi, nyingine kutoka ng'ambo ya mpaka. Iliyotengenezwa Kenya iwe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, na iliyoagizwa kutoka nje iwe na stika ya KEBS ya bidhaa za kuagizwa. Nambari ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora huhakikiwa kwa ujumbe mfupi wa simu: andika SM# ikifuatwa na nambari hiyo, kisha tuma kwa 20023. Chupa yenye maandishi ya lugha isiyosomeka nyumbani ionyeshwe mfamasia kabla ya kufunguliwa.

Ikishanunuliwa, ijaribiwe. Tone moja lipakwe upande wa ndani wa mkono usiotibiwa, penye hisia kamili, na lisubiriwe siku 2. Pasipowasha wala kutoka vipele, ihamie kwapa zima lisilotibiwa, na mwisho kabisa lile lililotibiwa. Kizuia jasho hupakwa usiku kwenye ngozi kavu, maana usiku jasho hupungua na chumvi hupata nafasi ya kushika. Anayepaka asubuhi juu ya ngozi yenye unyevu hupoteza sehemu kubwa ya dawa na huongeza kuwashwa.

Shabu, ndimu na uunsi

Shabu, lile jiwe jeupe ambalo vinyozi hupaka baada ya kunyoa, huuzwa siku hizi kama deodoranti ya asili isiyo na alumini. Shabu ni chumvi ya alumini. Huweza kupunguza bakteria, na kwenye ngozi nzima iliyolowanishwa kidogo halina neno, lakini mama anayekimbia alumini atakuwa ameizunguka na kuikuta mbele yake. Jiwe lenye makali au lililopasuka hukwaruza, jambo baya kwa kwapa lenye ganzi.

Ndimu ni asidi, na soda ya kuumulia unga iko upande wa pili wa mizani. Zote mbili huivuruga ngozi, na kwenye ngozi ya mionzi huchoma. Poda hugandamana kwenye mkunjo wenye jasho na kusugua. Catar na manukato mengine ya mafuta yapakwe kwenye nguo, mbali na kovu na eneo lililochomwa. Uunsi ndiyo rafiki hapa: moshi wa dabqaad hunukisha diraac na shali bila kugusa ngozi. Tahadhari ni moja tu, kwamba anayepata kemo anaweza kuchefuliwa na harufu alizozipenda siku zote. Hilo hupita, na nyumba imvumilie.

Maji yanapokuwa haba, nusu lita, sabuni isiyo na manukato na kitambaa laini vinatosha makwapa yote mawili. Ngozi isuuzwe povu lote, ikaushwe kwa kugusagusa bila kusugua. Wakati mwingine harufu imo kwenye nguo na si mwilini, hasa vitambaa vya nailoni na poliesta, ambavyo hushika harufu hata baada ya kufuliwa. Baati ya pamba, iliyofuliwa na kuanikwa juani, hufanya kazi kubwa kuliko chupa nyingi.

Anayejiandaa kwa umra au hija baada ya matibabu atafaidika mara mbili kwa chupa isiyo na manukato, kwa kuwa aliyeingia ihramu hukatazwa kujipaka manukato.

Kunyoa

Kuondoa nywele za kwapa ni sunna inayotunzwa na wengi hapa, na desturi ya kale ni kuzing'oa. Baada ya tezi kuondolewa, kung'oa huacha vitundu vidogo vingi vya kupitisha vijidudu, na wembe kwenye kwapa lenye ganzi hukata bila kuhisiwa. Mashine ya umeme ya kunyolea, ile isiyogusa ngozi kwa makali, ndiyo salama zaidi. Mkasi mdogo wenye ncha butu hufuata. Nta na krimu za kuondolea nywele ziachwe. Wakati wa mionzi eneo hilo lisinyolewe kabisa, na mara nyingi nywele hudondoka zenyewe. Mwenye shaka kuhusu kuacha kung'oa anaweza kumuuliza imamu wake, na amweleze hali yake ya kiafya ilivyo. Baada ya kunyoa, roloni isubiri hadi kesho yake.

Jasho likizidi

Wagonjwa wengine hushangaa kwamba wanatoka jasho zaidi kuliko kabla ya kuugua. Tamoksifeni na dawa nyingine zinazozuia homoni huleta joto la ghafla linalopanda kutoka kifuani hadi usoni, na kufuatiwa na jasho, mara nyingi usiku. Hakuna roloni inayotibu hilo, kwani jasho hilo ni la mwili mzima. Asiache dawa kwa sababu yake. Amweleze daktari, maana zipo njia za kulipunguza, na dawa iliyoachwa kimyakimya humwondolea kinga dhidi ya saratani kurudi.

Jasho na baridi pamoja na homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtu anayepata kemo ni dharura. Aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo mkono au kwapa likiwa na moto, likavimba na kuuma. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo joto na uvimbe ndivyo vya kupimwa kwa mkono usio na ganzi. Maambukizi hayo hutibika kwa antibiotiki yakiwahiwa. Uvimbe mpya kwapani, hata usiouma, uonyeshwe daktari bila kusubiri tarehe ya kliniki, na mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa anaweza kusaidia kupanga rufaa.

Siku ya mamogramu mama asipake deodoranti wala poda kwenye makwapa na kifua. Chembe za alumini huonekana kwenye picha kama vidoa vyeupe, vinavyofanana na vile ambavyo daktari huvitafuta kama dalili ya saratani, na mtu aliyesafiri kutoka Mandera anaweza kurudishwa kupigwa picha upya kwa sababu hiyo tu. Aoge asubuhi kwa sabuni na maji, na chupa yake aibebe mkobani ajipake akishatoka.